Magari ya Masika: Kikwe Ilivyokwenda Samunge

Machi ikifika katikati, magari ya utalii ya Arusha huanza kurudi nyumbani. Wageni wamepungua, mvua inanyesha Serengeti, kambi nyingine zinakunja mahema mpaka Juni. Sisi madereva huuita huu msimu wa chini. Land Cruiser huoshwa, hutiwa grisi, hutolewa betri na kuegeshwa uani chini ya turubai, na dereva hurudi kijijini kupanda mahindi. Kwetu ni Kikwe, tambarare ya Arumeru, kusini mwa Usa River. Ndivyo nilivyoishi miaka yangu yote ya udereva: Juni hadi Februari nashika usukani, masika nashika jembe.

Naanza na magari hayo yaliyolala kwa sababu ndiyo yaliyobeba hija kubwa kuliko zote nilizoziona kwa macho yangu. Watu wengi wameandika habari za Babu wa Loliondo. Habari za waliopanga safari za kumfikia zimebaki midomoni mwetu, na waliokuwa wakizisimulia wanaanza kuondoka. Nataka kuziweka hapa kabla na mimi sijasahau.

Kwa wasiokumbuka: mwanzoni mwa mwaka 2011 nchi nzima ilianza kumzungumzia huyo Babu, Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) aliyekuwa akiishi Samunge. Kila mtu alisema "Loliondo", lakini Samunge ni kijiji cha Wasonjo, tarafa ya Sale, Wilaya ya Ngorongoro. Mchungaji alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mti ambao Wasonjo huuita mugariga. Ulikunywa kikombe kimoja, mara moja tu, kwa shilingi 500. Watu walisema kinaponya sukari, presha, pumu, saratani na Ukimwi. Kulikuwa na sharti moja: dawa ilinywewa palepale Samunge, kwa Babu. Ukiibeba kwenye chupa kumpelekea mgonjwa aliyebaki nyumbani, haimfai kitu.

Sharti hilo ndilo lililotuingiza sisi madereva katika habari hii. Dawa isiyobebeka humlazimu mgonjwa abebwe. Samunge iko karibu kilomita 400 kutoka Arusha mjini, na wakati ule, ukishaiacha lami pale Mto wa Mbu, mbele yako palikuwa na vumbi, mawe na makorongo peke yake. Basi la abiria lilipita kwa shida na gari dogo la Noah halikuweza kabisa. Gari lililofaa ni lile lenye magurudumu manne ya kuvuta na dereva aliyezoea tope. Habari hii ingevuma Agosti, magari hayo yangekuwa Serengeti na wageni. Ilivuma mwanzo wa masika, Arusha nzima ikiwa na magari ya aina hiyo yaliyofunikwa turubai na madereva waliokaa bila kazi. Wengi waliona mkono wa Mungu katika hilo. Mimi niliona uani mwa bosi wangu magari manne yakifunuliwa kwa siku moja.

Kikwe hatukuwa wageni wa safari za namna hii. Nilipokuwa mdogo, bibi yangu alinipeleka mara mbili kwa miguu mpaka Akeri, juu mlimani, kwenye makaburi ya wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock. Hao walitumwa na Misheni ya Leipzig, wakaja Meru kutoka upande wa Kilimanjaro, wakauawa usiku wa kuamkia Oktoba 20, 1896, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Baada yao Kapteni Johannes akaja kutoka Moshi na jeshi la Wajerumani kulipiza kisasi. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wengi wakafa. Bibi alitutoa nyumbani kabla ya alfajiri na kibuyu cha loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, tukipita kandokando ya mashamba makubwa ya mkonge na kahawa yaliyotenga tambarare yetu na mlima. Nilipomuuliza kwa nini tusipande gari la abiria pale Usa, alinijibu, "Mjukuu wangu, mahali palipomwagika damu hapafikiwi kwa kukaa kitini." Hakwenda kuwaomba wale wafu chochote. Alikwenda kukumbuka waliouawa usiku ule na waliouawa baada yake, wote, kisha tukarudi.

Tulijua pia kuchangia safari. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru Engare Nanyuki kwa nguvu ili ardhi ile wapewe walowezi. Nyumba zilitiwa moto, mifugo ikatawanyika. Wameru wakaamua kupeleka kilio chao Umoja wa Mataifa. Ukoo kwa ukoo walichanga, mwenye kahawa akatoa fedha ya kahawa, mwenye mbuzi akauza mbuzi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, akiwa na wakili Earle Seaton, akalifikia Baraza la Udhamini kule New York. Ardhi haikurudi siku hiyo. Lakini wazee wa kwetu waliisimulia safari ile kama yao wenyewe, na kweli ilikuwa yao, kwa maana kila mmoja alijua shilingi yake ilinunua nini. Nimekua nikisikia kwamba msafiri ni mmoja na safari ni ya wengi.

Kwa hiyo jioni ya Jumatano ya Majivu, Machi 9, 2011, majirani walipokusanyika kwetu baada ya ibada, hakuna aliyehitaji kufundishwa namna ya kupanga. Walinitazama mimi kwa sababu ya kazi yangu.

"Baba Neema," akaanza mzee mmoja mwenye pumu ya miaka mingi, "gari la kazini kwako linaweza kutufikisha?"

"Linaweza, baba. Kurudi ndiko kunakotegemea mvua."

"Mvua tuachie sisi tuombe. Wewe tafuta gari."

Niliandika yote kwenye daftari la shule la mwanangu, na ninalo mpaka leo. Abiria walikuwa wanane. Mama yangu mzazi, mgonjwa wa sukari. Mzee wa pumu. Mwalimu mstaafu mwenye presha. Mama mmoja wa Karangai na mtoto wake wa miaka tisa mwenye kifafa. Mume na mke waliotafuta mtoto kwa miaka kumi na moja. Na dada mmoja kijana aliyeniambia tu kwamba anaumwa. Sikumuuliza anaumwa nini, wala hapakuwa na mwingine aliyemuuliza, na tuliona huo ndio uungwana.

Kila mmoja alitoa shilingi 110,000, jumla 880,000. Bosi alichukua 450,000 kwa gari. Nilitenga 360,000 za dizeli, ambayo wakati ule ilikuwa inaelekea shilingi 2,000 kwa lita. Zikabaki 70,000 za chakula, pancha na ushuru wa njiani. Wengine hawakuwa na fedha taslimu, kwa kuwa ilikuwa majira ya kupanda na akiba yote ilikuwa imeingia kwenye mbegu na mbolea. Mama wa Karangai aliuza madebe sita ya maharage aliyokuwa ameyaweka ya mbegu. Mume na mke wale waliuza ndama. Swali gumu kuliko fedha lilikuwa nani angebaki kupanda. Mvua ya kwanza ya masika Kikwe haimngoji mtu: ukiikosa wiki ile, udongo mweusi unakuwa tope na jembe haliingii. Tukakubaliana kwamba wanaobaki wapande mashamba ya wanaokwenda, na wakapanda kweli. Waliobaki wakilima nao walikuwa katika hija, na mara nyingi wanasahauliwa.

Upande mwingine wa daftari niliandika vifaa: spea tairi mbili, jeki ndefu, kamba ya kuvutia, chepe, panga, madumu mawili ya dizeli na matatu ya maji, mkaa, sufuria, unga, maharage, sukari, chumvi, turubai, blanketi kwa kila mtu, ndoo ya wagonjwa. Nilijivunia orodha ile. Niliwahi kuwapeleka wageni Ziwa Natron na sikusahau hata kiberiti.

Tuliondoka Jumamosi, Machi 12, saa nne usiku, ili Mto wa Mbu itukute kabla ya kukucha. Tulipita Tengeru, Arusha mjini, Kisongo, Makuyuni. Makuyuni tukakuta taa za magari zimepangana kama shanga za dhahabu gizani, yote yakielekea kulia. Kulikuwa na Land Cruiser na Land Rover, pikapu zilizofungwa maturubai, na Fuso zilizobeba watu waliosimama. Watu walitoka Kenya pia. Mamlaka zilikuwa zinaanza kukagua magari na kudai vibali, maana tayari yalikwishaonekana mabovu yakibeba mahututi. Wenye fedha nyingi walipita juu kwa helikopta.

Baada ya Mto wa Mbu barabara inafuata ukuta wa Bonde la Ufa kwenda kaskazini. Ni njia ya kale. Pale Engaruka, kilomita 20 za mraba na zaidi zimejaa magofu ya vijiji, matuta ya mawe na mifereji iliyochimbwa na wakulima walioishi hapo kuanzia karne ya 15 hivi mpaka ya 18, kisha wakaondoka. Mwalimu wetu, ambaye alifundisha historia, aliomba tusimame dakika tano. Sisi watu wa Kikwe tunaishi kwa mifereji, tunajua kugombania zamu ya maji. Alituambia baadhi ya wataalamu wanadhani walioishi Engaruka wana undugu na Wasonjo, ambao nao wanalima kwa mifereji mpaka leo. "Kwa hiyo," akasema, "tunakwenda kwa wakulima wenzetu." Mama yangu alifurahia neno hilo, akalirudia njia nzima.

Mbele ya Engaruka tulikwama mara mbili. Vijana wa Kimasai walitusukuma, tukawalipa, tukaendelea. Alasiri Oldoinyo Lengai ikatokea mbele yetu, mlima wa mita 2,962, umechongoka na kupauka kwa majivu ya mlipuko ulioanza 2007. Wamasai huuita Mlima wa Mungu, na tangu zamani wamekuwa wakiuendea kwa miguu kuomba mvua, mifugo na watoto. Yule mke aliyetafuta mtoto alishusha kioo akautazama mpaka ukapotea nyuma yetu. Karibu na mguu wa mlima huo, Engaresero, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizogandishwa kwenye majivu ya volkano, na wataalamu wanasema umri wake haupungui miaka 5,700. Baadaye, nikiwapeleka wageni kuzitazama, nimekuwa nikiikumbuka jioni ile. Wanawake na wanaume walipita pale pamoja, na unaona kabisa kwamba walikuwa na mahali pa kwenda.

Tuliikuta foleni Jumapili usiku, baada ya kupanda ukuta na kuingia nchi ya Sale. Magazeti ya mwezi ule yaliandika kwamba ilipita kilomita 20. Sikuipima, lakini tulilala ndani yake usiku tatu. Gari likisogea, unawasha, unakwenda mita hamsini, unazima. Mvua ilinyesha kila usiku. Hapakuwa na choo wala zahanati karibu, na maji tuliuziwa kwa dumu. Wagonjwa walikufa ndani ya magari, na kwa mwezi ule wote walihesabiwa makumi. Gari la nne mbele yetu lilifungua mlango alfajiri ya Jumanne, wakamteremsha mzee aliyekwisha fariki, wakaanza kuomba wapishwe ili wageuze. Sote tulishuka kusukuma mawe pembeni gari lipate nafasi. Yule mama wa Karangai aliimba, na watu wa magari kumi na zaidi, wa dini mbalimbali, wakaitikia.

Palikuwa pia na waliokuja kwa miguu. Usiku wa pili bibi mmoja wa Kimasai aliomba kulala chini ya gari letu kwa sababu ya mvua. Alikuwa ametembea siku nne na mjukuu wake. Mama yangu alikataa alale chini, akampisha kwenye kiti chake akisema yeye amekaa vya kutosha. Wakalala wameegemeana, hawana lugha moja ila "mama" na "asante". Asubuhi bibi yule alikuwa ameondoka, ametuachia kibuyu cha maziwa kwenye ngazi ya gari.

Jumatano, Machi 16, mchana, tuliingia Samunge. Ilikuwa haraka kuliko nilivyofikiri. Wasaidizi walipita na vikombe vya plastiki, watu wakanywea ndani ya magari. Dawa ilikuwa ya uvuguvugu, chungu kidogo. Mimi pia nilikunywa, nikatoa shilingi 500. Mchungaji nilimwona kwa mbali tu, mzee mwembamba aliyechoka. Nusu saa baadaye tulikuwa tumeelekezwa njia ya kutokea, ili wengine wapite. Mwisho wa mwezi huo yeye mwenyewe aliomba watu wasije kwanza mpaka foleni ipungue.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike.

Katika foleni yalizunguka maneno mengi. Mojawapo lilikuwa hili: ukishakunywa kikombe usichanganye na dawa za hospitali, utaharibu imani yako. Sijui lilianzia gari gani. Najua lilifika kwetu, na najua nililisema kwa mdomo wangu, njiani kurudi, pale Engaresero, mtu mmoja aliponiuliza. Mimi ndiye niliyekuwa nimewafikisha salama, kwa hiyo neno langu lilikuwa na uzito kuliko lilivyostahili. Mwalimu alinipinga pale pale. Wataalamu wa afya nao, redioni na magazetini, walikuwa wakisisitiza kila mgonjwa aendelee na dawa zake. Mama yangu alimsikiliza Mwalimu. Alipopima baada ya wiki mbili, sukari ilikuwa pale pale, akaendelea na vidonge vyake bila kulaumu mtu, akaishi miaka mitano zaidi. Mzee wa pumu alisema anapumua vizuri kwa miezi michache, kisha ikarudi. Mtoto wa Karangai aliendelea na kifafa mpaka alipopata kliniki nzuri, na leo ni fundi seremala.

Yule dada wa kiti cha nyuma alinisikiliza mimi. Alikuwa akitumia dawa za kufubaza virusi, akaziacha. Nilipojua, alikuwa amelala kitandani. Alifariki mapema mwaka 2012. Nilikwenda msibani, nikakaa na wanaume nje, sikuweza kula. Dada yake mkubwa alinijia akaniambia, "Kaka, ulimpeleka vizuri. Alisifu sana safari ile." Alisema kwa wema, na wema huo ndio ulioniuma.

Nimefikiri sana tangu hapo. Orodha yangu ilikuwa na jeki, chepe, kamba na chumvi. Dawa za abiria hazikuwemo. Niliona kazi ya mpanga safari ni kuwafikisha watu na kuwarudisha, na nilipowashusha Kikwe Alhamisi usiku, matope mpaka madirishani, nilidhani nimemaliza. Wazee walionifundisha kuchangia walijua zaidi. Kirilo aliporudi bila ardhi, hawakusema kwamba nauli yao imetumika na habari imekwisha. Walibaki pamoja na wale waliohamishwa, wakawagawia mashamba na miche. Mwenye kupanga safari ya watu wengine anabaki na deni kwao baada ya gari kuegeshwa.

Kikombe kilinyamaza taratibu. Mwaka uliofuata safari yetu wanaokwenda walikuwa wachache. Mchungaji Mwasapile alifariki Julai 30, 2021. Leo kuna lami ya kilomita 49 kati ya Waso na Sale, na dereva kijana akipita pale hawezi kuamini nikimwambia tulivyolala barabarani.

Watu bado wananijia. Wapo wanaotaka kwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya mashahidi Juni 3. Wapo wanaotaka Bagamoyo, wapo wanaotaka kutembea mpaka Akeri kama bibi yangu, wakiomba gari la kuwarudisha wazee tu. Wengi huja masika, wakijua ndipo gari hupatikana kwa bei nafuu. Nawaandikia orodha kama zamani, ila sasa kabla ya mafuta na tairi naandika jina la mtu, dawa anazotumia, saa anazozitumia, na nani nyumbani anazijua. Wengine huona aibu kunitajia mbele ya wenzao, basi tunasogea pembeni, chini ya mwembe, nami nangoja mpaka waseme. Siku ya saba baada ya kurudi napita nyumba kwa nyumba kuuliza kama bado wanazitumia.

Daftari la 2011 halina safu hiyo. Mbele ya jina la yule dada nilikuwa nimeandika: amelipa yote, blanketi moja, kiti cha nyuma.